Faksi ya Majaribio

Kolwezi, Jumanne

Kwako Ruffin,

Huku tuko wazima, na mvua imeanza. Wiki hii nilivuta nyaya kwenye vyumba vyote vya ofisi, nikaunganisha seva mpya ya faksi. Shefu Kabongo, mkubwa wetu wa kazi, akasema, "Mama Tina, jaribu kutuma." Namba niliyoijua kwa moyo ni ya kazini kwako Lubumbashi. Nikaandika: "Ruffin, ni mi Tina. Unarudi lini?"

Jibu likatoka mbele ya wote: "Tumepata. Bwana Ruffin yuko likizo ya harusi yake."

Shefu akapiga makofi. "Inapita!"

Nikapanda ngazi, nikajifanya nafunga nyaya, wasinione uso.

Baba yangu kule Mutshatsha bado anakuita mkwe. Umwambie wewe mwenyewe.

Aliyekungoja,
Tina