Ng'ombe Wangu Waliokwenda Kanada

Mdogo wangu Marwa,

Sikuamkii, maana mkubwa ni mimi na shikamoo ulipaswa kunipa wewe. Ile sauti uliyonitumia kwenye simu wiki iliyopita ilianza na "mambo vipi, sista", nikadhani mtu amekosea namba. Nimeisikiliza mara nyingi na kila nikirudia hasira inapanda. Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma. Huenda mmoja wao akakufikishia.

Unakumbuka mwaka rashi ya wachimbaji ilipofika kwetu? Watu walikuja kutafuta dhahabu kutoka Geita, kutoka Kenya, kutoka kusikojulikana, na shamba la jirani likajaa mashimo, yale wanayoyaita maduara. Kati yao alikuja Mzee Kalonji, Mkongomani mwenye karasha la kusaga mawe. Wenzako walimfuata kwa ajili ya dhahabu, wewe ulimfuata kwa ajili ya Kifaransa. Ulikuwa na cheti chako cha ufundi umeme na hakuna aliyekuajiri, ukasikia kwamba Kanada wanampa nafasi fundi anayejua Kifaransa, mradi afaulu mtihani wao. Ukawa unambebea mzee yule mawe mchana kutwa ili akufundishe, mnapigiana kelele kwa Kifaransa huku mashine inanguruma. Tata, baba yetu, alisema mwanawe amerogwa na Mkongomani. Mimi nilikutetea.

Mwaka huohuo nikaolewa kijiji cha Machochwe. Wewe mila zetu Wakurya unazijua, lakini wasiozijua nawaeleza: ng'ombe wa dada ndio wanaomwozesha kaka. Wakishaingia zizini wanaitwa kwa jina la dada, na mke atakayekuja kwa ng'ombe hao anajua mlango wa nyumba yake ulifunguliwa na nani. Siku ndoa ya dada ikivunjika, hapo ndipo anaporudi, na hakuna wa kumwuliza amefuata nini. Tata aliwatazama ng'ombe wangu wakiingia, akakuambia mbele ya wazee, "Mura, kijana wangu, hao ni wa Bhoke. Jenga nyumba, oa, usimfungie mlango." Ukaitikia.

Kisha ukaja Machochwe. Ulisema umekimbia kelele za karasha ili usome, nami nilifurahi mno kuwa na mtu wa kwetu ugenini. Jioni tembo walipotoka hifadhini kufuata mahindi, sisi tulipiga madebe, wewe ukawafukuza kwa Kifaransa. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza, kama hata tembo hawakuelewi, hao Wazungu watakuelewa?

Sehemu ya mtihani iliyokutia hofu zaidi ilikuwa ya kuzungumza. Ulinieleza kuwa mtahini anajifanya rafiki yako asiyetaka jambo fulani, na wewe unatakiwa umshawishi mpaka alegee. Basi rafiki nikawa mimi. Nilikuwa namenya mihogo, wewe umekaa mbele yangu na shati la kuazima kwa shemeji yako, na ulinifundisha sentensi moja tu ya kukukatalia: Je ne suis pas d'accord. Sikubaliani. Niliisema mpaka mdomo ukaizoea. Ukanipa na siri ya Kalonji: kwanza muonyeshe rafiki kwamba wasiwasi wake umeuona, halafu mpe sababu, halafu mwahidi kitu. Ukimaliza nyamaza, usiongeze neno.

Siku ya mwisho hukutumia Kifaransa. Ulisema kwa Kikurya chetu kwamba unajua ninaogopa, kwamba mtihani unafanyikia Nairobi na huna njia nyingine, kwamba tata hawezi kuuza ng'ombe wale bila kauli yangu. Kisha ukasema, "Dada, nikifika huko, nyumba ya kwanza nitakayojenga nyumbani ni yako." Ukanyamaza. Nikakubali.

Nilikwenda mwenyewe kwa tata kukuombea. Ng'ombe wa kwanza wakapelekwa mnadani, ukavuka mpaka wa Sirari, ukafeli sehemu ya kusikiliza. Ulisema Kifaransa cha kwenye spika za mtihani hakikufanana na cha Kalonji. Waliobaki wakawafuata wenzao, na safari hiyo ukafaulu. Tulichinja kuku. Zizi lilikuwa tupu na sisi tunaimba.

Hukuoa. Hukujenga. Tata alipofariki ulituma picha ya mshumaa kwenye simu. Tulimzika nyuma ya nyumba, pembeni ya zizi, pale alipopenda kukaa asubuhi kuota jua.

Baadaye mume wangu alileta mwanamke mwingine. Nilipouliza akanipiga, na nilipolia akaniambia nirudi kwetu kama nina kwetu. Alijua anachosema. Machochwe nzima ilijua kwamba ng'ombe wangu walipanda ndege. Nikarudi na wanangu, nikaikuta nyumba ya tata inavuja, hakuna wifi wa kunipokea wala moto jikoni. Majirani walinitazama, wakaguna, wakaendelea na safari zao.

Nina uchungu na wewe, Marwa. Si kwa sababu uliondoka, watu huondoka kila siku. Ni kwa sababu nilipokupigia kukueleza haya ulinijibu kwamba huko mambo ni tofauti, kwamba mila hizo zimepitwa na wakati. Siku ng'ombe walipoingia zizini zilikuwa hazijapitwa.

Na sasa hii sauti yako. Baba mdogo Chacha anataka kuwapa wachimbaji boma letu. Wanasema mwamba wenye dhahabu unapita chini ya nyumba na chini ya kaburi la tata. Wazee wamemwambia hawezi kuchimba mahali mtu anaishi, mpaka mimi nitoke kwa hiari yangu. Kwa hiyo akakutafuta wewe, mtoto wa kiume, uniambie nitoke.

Ukaanza kwa kusema unajua nimeteseka. Ukasema nyumba yenyewe ya udongo, itaanguka tu, na kaburi linaweza kuhamishwa kwa heshima zote. Ukasema mkipata chochote utanijengea Tarime mjini, nyumba ya bati na umeme. Halafu ukanyamaza. Sauti ikaendelea bila neno hata moja, nasikia tu magari ya huko kwenu yakipita. Nikaikumbuka ile mihogo. Mimi ndiye niliyekufanyisha mazoezi, halafu unakuja kunifanyia mtihani nyumbani kwa baba yangu.

Baba mdogo anakuja kesho kuchukua jibu. Nitamjibu kwa Kikurya, naye ataelewa. Wewe nakujibu kwa lugha uliyoinunua kwa ng'ombe wangu, maana mpaka leo sijaisahau: Je ne suis pas d'accord.

Ukirudi siku moja, mlango wa nyumba ya tata utakuwa wazi. Niliyepo ndani ni mimi.

Dada yako,
Bhoke