Jiwe la Kipande cha Saba

Jumanne, 11 Februari 2025

Picha zimefika! Seti ishirini na nne, kutoka kwenye darubini ya ng'ambo. Kila seti ina picha nne za sehemu ileile ya anga, zimepishana dakika chache. Unaziendesha harakaharaka kwenye kompyuta. Nyota zinatulia. Kinachosogea ni jiwe la angani. Kazi ndiyo hiyo. Shule za mijini zina maabara, sisi tuna kompyuta nne na jenereta la kuazima usharikani. Watatujua!

Kazi nimeigawa kwa msaragambo. Mkuu wa shule kacheka. Acha acheke! Ndiva yetu kule juu, lile bwawa la kumwagilia, inasafishwa hivyo tangu enzi za mababu. Kila kaya na kipande chake. Ukiugua au ukifiwa, jirani anakuchimbia na kinahesabika chako. Wanafunzi ishirini na wanne, vipande ishirini na vinne, orodha ipo ukutani. Careen, binti yangu, kapata cha saba. Sikumpendelea — tulipiga kura.

Alhamisi, 20 Februari

Msiba Shighatini, shangazi yake Mama Careen. Mke wangu kaenda na Careen tangu jana asubuhi, watarudi Jumapili. Mimi siwezi kutoka, mwisho wa kutuma ripoti ni Jumatatu. Nimekula ugali na maziwa, peke yangu, kama kapera.

Sumaiya kaniuliza swali leo. Huyu ni binti wa Mzee Isihaka, muuza matairi wa Hedaru. Kidato cha Tatu. Msichana mkimya, lakini akiuliza, unavuta kiti. Kuna mawe yanayotumia njia moja na sayari ya Mshtarii kuzunguka Jua. Mbona hayagongwi? Nikamwambia asimame kwao Hedaru atazame barabara. Mshtarii ni lori kubwa. Mbele kuna kundi la pikipiki limetangulia, nyuma kuna jingine linafuata. Mwendo ni mmoja, umbali ni uleule, kama digrii sitini kila upande. Lori halilifikii kundi la mbele, wala la nyuma halilifikii lori. Mzunguko mmoja wa Jua, miaka kumi na miwili.

Akawaza. Akasema, kumbe hata dereva wa lori hajui ana wenzake. Miaka ishirini na sita nafundisha fizikia! Hilo sijawahi kuliwaza.

Jumatatu, 24 Februari

Nimetuma! Vipande vyote ishirini na vinne, kila kimoja na jina la mwenye kipande. Hakuna kilicholala.

Na cha saba — kuna nukta. Hafifu, unaitafuta kwa kukunja jicho. Inajikokota. Ya karibu hukimbia, hii inakwenda kwa madaha kama bibi harusi, maana yake iko mbali. Nimeliandika jina la mwanangu kwa herufi kubwa.

Jumatatu, 10 Machi

Barua pepe kutoka kwa wale wa darubini! Nimeisoma mara nne nikaiprinti, nikaisoma tena. Nukta ya kipande cha saba haimo kwenye orodha yoyote. Ni mpya. Wanasema mwendo wake unafanana na wa mawe yanayoshiriki njia ya Mshtarii, kundi la mbele. Itatakiwa kutazamwa miaka kadhaa kabla ya kuthibitishwa, na jina la kudumu tusahau kwa sasa. Sawa! Miaka tunayo. Cheti cha awali kitatoka na jina la aliyeiona. Kama kuna jina la kurekebisha, mwisho tarehe 24.

Rekebisho gani? Careen Anderson. Limeandikwa vizuri kabisa.

Nimepiga kengele ya shule mwenyewe, saa tano, katikati ya kipindi cha Kiingereza. Watoto wamelia, wamecheza, Sumaiya karukaruka mpaka mtandio ukaanguka. Careen kakaa kwenye dawati kainamisha kichwa. Furaha hiyo. Hata mimi nilipofaulu Kidato cha Sita nilinyamaza siku nzima.

Jumapili, 16 Machi

Leo tumetoa sadaka ya shukrani. Nimevaa suti. Nimewaeleza waumini habari za Mshtarii mpaka mchungaji akatazama saa. Mama Careen kanifinya mkono, sikujali. Mtoto wa mlimani, wa kwetu, kaona kitu ambacho hakuna binadamu aliyekiona tangu kuumbwa kwa ulimwengu! Nisiseme?

Careen hakuja mbele. Tumbo, anasema.

Jumamosi tunaitwa Same. Sherehe ya wilaya, mgeni rasmi, maturubai, kila kitu.

Jumatano, 19 Machi

Sijui nianzeje.

Nilikuwa naandika hotuba. Nikamwita Careen anieleze alivyoiona ile nukta, saa ngapi, siku gani. Kasimama mlangoni, kasema, "Baba, mimi siku zile nilikuwa Shighatini."

Nikacheka, nilidhani kipande alikimaliza kabla ya msiba. Nikamwambia asiniletee utani. Akaendelea kusimama. Kasema kipande chake alikifanya Sumaiya, Alhamisi ileile, baada ya kuniuliza lile swali. Kwa nini hukusema? Kasema alisubiri nimuulize. Siku ya kengele alitaka kusema, nikawa nimeshamkumbatia. Kanisani alitaka kusema, nikawa nimeshashika maiki.

Nimemwita Sumaiya ofisini. "Shikamoo, Mwalimu." Marahaba. Nani kaiona ile nukta? Akatazama sakafu. Kasema kipande kilikuwa cha Careen, yeye alimsaidia tu, Careen alikuwa msibani. Na mimi ndiye niliyesema ukifiwa jirani anakuchimbia. Anayasema maneno yangu mwenyewe! Bila kinyongo hata chembe. Afadhali angenitukana.

Ni kweli lakini. Ndiyo mila yetu. Sijaiba.

Nimemwambia Mama Careen hivyo hivyo. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata uso. "Baba Careen, ndivani tunahesabu majembe. Hao wa darubini wamekuuliza ni macho ya nani."

Nimetoka nje.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeandika barua pepe ya kurekebisha. Mistari mitatu. Sijaituma. Nimejiambia mtandao uko chini.

Mtandao ulikuwepo. Nimetazama matokeo ya mpira.

Ningesemaje? Usharika mzima umenisikia. Kesho suti ileile. Watasema Anderson kampachika mwanawe. Aibu! Mimi ambaye nimefukuza watoto kwa kunakiliana majibu!

Mchana Mzee Isihaka kapiga simu. Atakuja Same kesho, japo yuko kwenye mfungo. Kauliza kama bintiye naye yumo kwenye hiyo timu. Nikasema yumo. Akasema, "Basi yatosha, Mwalimu. Mimi sikuvuka darasa la nne." Kamnunulia Careen doti ya khanga. Careen naye ni mwanawe, anasema.

Sijala.

Jumamosi, 22 Machi

Same. Saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali. Mgeni rasmi kachelewa, wanasema yuko njiani. Mshereheshaji kanipa karatasi ya majina nihakiki. Mstari wa kwanza: MGUNDUZI — CAREEN ANDERSON. Naandika haya nikiwa nimeiweka juu ya daftari.

Mbele kuna viti viwili vyenye vitambaa vyeupe. Kimoja cha mgunduzi, kimoja cha mzazi. Cha mzazi nimekikalia mimi. Careen aliambiwa akae chake. Hakukaa. Kaenda mstari wa nyuma kabisa, kamshika Sumaiya mkono, kamleta mpaka mbele. Sumaiya hataki kukaa. Careen hataki kukaa. Wamesimama kushoto na kulia kwa kiti kitupu, watu wanacheka wakidhani ni maigizo. Hakunitazama hata mara moja, mwanangu. Mgongo umenyooka.

Nilidhani najua fahari. Nimeitangaza kanisani na maiki juu! Nilikuwa sijaijua. Ni hii hapa, imevaa sare ya shule na viatu vya mwaka jana.

Ile barua pepe ya kurekebisha nimeituma kwa simu. Saa nne na dakika ishirini. Sasa kimebaki kinywa, niseme mbele ya watu.

Mzee Isihaka yuko juani, nje ya turubai, kashika mfuko wenye khanga. Midomo imemkauka. Nimemwendea, nimemshika mkono, nimemleta kwenye kiti changu. Alikataa, kiti ni cha mzazi, sharti mtu aheshimu. Nimemkalisha kwa nguvu.

Ving'ora vinasikika barabarani. Mshereheshaji ananijia mbiombio: Mwalimu, karatasi yangu! Sumaiya kaanza kulia. Na Mzee Isihaka kanishika mkono wa koti, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Kwani kuna nini, Mwalimu? Mwanangu kakosa nini?"