Namba Niliyoisugua kwa Majivu

Mjukuu wangu Aika,

Marahaba. Barua yako imefika. Sisi wazima, mguu wa babu yako umepona, na ng'ombe amezaa ndama jike. Umeuliza kwa nini Krismasi nilikupokonya kitambaa na kukufokea, wakati wewe ulikuwa unaisafisha tu bunduki ya ukoo.

Nilipoolewa ilikuwa ya baba mkwe. Kila Jumamosi niliisugua kwa majivu na mchanga, kama sufuria. Mwaka mmoja nguruwe pori walivamia mahindi ya shamba la chini, na baba mkwe risasi zilikuwa zimemwishia. Maduka ya Moshi yalikuwa yameanza tena kujaa bidhaa, tukateremka wote wawili.

"Namba ya kipimo cha risasi yake iko wapi, mzee?" aliuliza fundi bunduki, Singasinga mmoja. Mtutu uling'aa, namba hakuna. Nilikuwa nimeisugua mpaka ikaisha, nikidhani ni kutu.

Fundi akajaribu risasi moja, ikaingia vizuri. Nikamshukuru Mungu. Akaichomoa.

"Imeingia, lakini inacheza ndani, si yake. Ingekupasukia usoni."

Baba mkwe akatoa mfukoni ganda la risasi ya zamani alilotilia ugoro, akaumwaga wote kaunta. Namba ilikuwa kwenye kitako cha ganda. Tukapata risasi zake.

Njiani nilingoja anigombeze. Akasema tu, "Mwanangu, leo umechoka," akanipokea kikapu, mzee mzima yule.

Hakumwambia mtu mpaka anakufa. Nami wewe nikakufokea mbele ya ukoo mzima. Nisamehe, Aika. Ukija, kitambaa ni chako.

Bibi yako