Mkanda Niliopewa Mwezi wa Mei

Undir Hamri,
Visiwa vya Faroe.
15 Septemba 2019.

Mpendwa mwanangu Bárður,

Salamu zangu zikufikie huko Aarhus ukiwa mzima, wewe na Katrine, na huyo mdogo wenu ambaye naambiwa ameota jino la pili. Kile kikohozi kilichokusumbua mwezi wa Agosti kimekwisha? Joto la Denmark ni la uongo, usivue fulana ya sufu mapema. Sisi huku tuko hai, tunashukuru. Bibi yako anatimiza miaka tisini na moja mwezi ujao na bado anagombana na redio. Mama yako ni mzima. Habari zake ziko huko chini, ila nakuomba usizirukie. Soma kwa mpangilio, tafadhali.

Viazi tumeshavichimba, si vikubwa lakini vitamu. Kondoo wamenenepa vizuri mwaka huu. Pól Jákup, ambaye bado ni mkuu wetu wa kondoo na bado anafoka kama amemeza baragumu, ametangaza kwamba tutaswaga kondoo kutoka mlimani tarehe kumi na mbili Oktoba upepo ukikubali.

Barua yako niliipata zamani, mwanangu. Unasema unakuja kuswaga nasi, na unataka kusimama juu kabisa kwenye mstari wa waswagaji, mahali pa marehemu baba yako, kaka yangu Hanus, nami nisimame chini yako kama nilivyokuwa nikisimama chini yake. Nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Wiki tatu sikukujibu, ukadhani nimekusahau. Sikukusahau. Nilikuwa naogopa. Leo nakujibu, na nitaanza na mguu wangu, vumilia, kwa sababu mambo yote yameanzia hapo.

Unajua mguu wangu wa kulia. Maumivu yanakaa upande wa ndani, nyuma ya lile fupa la kifundo, pale unapopita ukano unaoshika unyayo usilale chini. Asubuhi nikikanyaga sakafu natamka neno ambalo mchungaji wetu asilisikie. Mchana nasimama kwa saa nane kwenye zege lililolowa la kiwanda cha samaki, na jioni kifundo kimevimba hata soksi inaacha alama. Nachechemea. Na watu wa kijiji wanauheshimu mguu huu, unajua hilo pia. Wananipisha mlangoni kanisani. Wanasema Eyðun aliumia siku ile akimkimbilia kaka yake Hanus kwenye ukungu. Hata wewe uliambiwa hivyo ukiwa na miaka kumi na tisa, na mimi nilikuwepo, nikanyamaza.

Sasa kuna jambo sijamwambia mtu, na usinidhanie nimerukwa na akili. Kila mguu unapouma namsikia baba yako. Si ndoto, namsikia mchana kweupe, kwenye ngazi, kiwandani kati ya kelele za mashine, siku moja hata katikati ya ubatizo. Ananiita jina. Haniiti kwa hasira, laiti angekuwa na hasira! Ananiita kama mtu mwenye wasiwasi nami. Miaka sita sasa. Nimezeeka kwa sauti hiyo kuliko kwa miaka.

Basi mwezi uliopita nikashindwa kabisa kushuka ngazi. Nikaenda mjini Havn, kwa fundi wa viungo na mikanda ya miguu, anaitwa Rannvá, mtoto wa kijiji cha ng'ambo ya mlima wetu. Ni mwanamke wa umbo dogo mwenye mikono baridi na mdomo usiopumzika. Akaniambia nivue viatu vyote viwili, nikunje suruali, nisimame nimempa mgongo.

"Nahesabu vidole," akasema.

"Viko kumi, mama. Nilizaliwa navyo."

"Mguu wa kushoto nikiwa huku nyuma naona kimoja na nusu. Wa kulia naviona vitatu na nusu. Unyayo wako umelala, mguu umegeuka nje kama wa bata. Haya, simama kwa huo mbovu peke yake, nyanyua kisigino."

Kisigino hakikunyanyuka. Nilikiamrisha, nikajikaza, nikatoka jasho, kikakaa palepale. Nilijisikia vibaya sana, Bárður, mtu mzima kushindwa na kisigino chake.

Akanitolea mikanda mitatu. Wa kwanza ni wa kuvutika kama soksi isiyo na vidole. Akasema huo ni wa kutia joto na kupunguza uvimbe tu, kwangu mimi ni sawa na kufunga mlango kwa uzi. Wa pili una mabamba magumu pande zote mbili, mguu haupindi hata ukitaka, ila kwenye buti la mlimani haukuingia. Maana aliniambia nije na buti nitakalovaa, si viatu vya kanisani, na alinipima mzunguko wa kifundo jioni, wakati uvimbe upo. Wa tatu ndio huu ninao: unafungwa kwa kamba kama kiatu, halafu mikanda miwili ya kunata inapita chini ya unyayo, inazunguka na kuvuka juu, na upande wa ndani una kipande kigumu kinachonyanyua ule unyayo uliolala. Unauvaa juu ya soksi nyembamba. Ukibana hadi vidole vikawa baridi, umekosea. Kulala, unauvua. Na kila siku ninyanyue visigino nimeshika meza ya jikoni, miguu yote miwili kwanza, kwa sababu mkanda peke yake ukiutegemea, mguu unakuwa mvivu zaidi.

Nilikuwa nimeshaanza kumpenda huyo mama. Ndipo akakaa kwenye mashine yake kuandika, akauliza, "Maumivu yalianza lini?"

Nikajibu kama ninavyojibu siku zote. "Oktoba, miaka sita iliyopita. Siku aliyokufa kaka yangu."

Akaangalia kioo cha mashine. "Mbona hapa naona ulipewa mkanda wa kwanza mwezi wa Mei mwaka huohuo? Mguu huuhuu."

Naye akanitazama, kisha akatazama buti langu sakafuni. Ni mtu wa huku, hadithi ya Hanus anaijua kama ninavyoijua mimi. Akanyamaza, yeye ambaye hakuwa amenyamaza tangu niingie, akanifunga kamba za mkanda taratibu kabisa. Nikajua ameelewa.

Mwanangu, ni kweli. Nilipewa mkanda mwezi wa Mei, na nilikuwa nao siku ile. Niliuvaa nyumbani asubuhi, tukaenda na baba yako kwenye gari, na tulipofika zizini nikasikia Pól Jákup anagawa watu. Unamjua. Alikuwa amemwona mzee Dánjal na bandeji ya goti, akampigia kelele mbele ya wote, "Wewe bandeji, baki ukutani na akina mama na thermosi zao!" Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Kisha nikarudi kwenye gari kama aliyesahau kisu, nikauvua mkanda, nikausukuma chini ya kiti. Nilikuwa na miaka arobaini na minane na nilikuwa naona haya kubaki kwenye ukuta wa zizi wengine wakipanda. Hicho tu. Hakuna sababu nyingine niliyowahi kuipata, na nimetafuta.

Baba yako alisimama juu, mimi chini yake, kama kawaida. Utaratibu unaujua: unamwita wa chini yako, naye anaitika, ndipo mstari unasogea, hasa ukungu ukishuka. Ulishuka tulipofika juu ya lile korongo la mawe. Hapo kifundo changu kikalala upande. Sikuanguka vibaya. Nilikaa tu, mguu ukakataa kunibeba.

Hanus akaita, "Eyðun!"

Nilimsikia. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikajiambia nitapumua kidogo, nitasimama, kisha nitaitika kama mtu aliyesimama. Kwa sababu ningeitika angeuliza kwa nini sisogei, na mstari mzima ungesikia. Akaita mara ya pili, "Eyðun, uko wapi, mdogo wangu?" Nikajaribu kusimama, nikakaa tena. Mara ya tatu sauti ilikuwa imekaribia, ikitoka upande ambao hakuna njia, kwenye majani yaliyolowa juu ya korongo, na nikajua ameacha nafasi yake anakuja kunitafuta. Hapo ndipo ilinipasa kupiga kelele. Hapo bado kulikuwa na nafasi. Nikafunga mdomo, kwa aibu.

Nikasikia mawe. Ndipo nikaitika. Niliitika hadi sauti ikakauka, Bárður, wakati hakuna tena wa kuitikiwa.

Walipotukuta nilikuwa nimetambaa hadi chini kwake, mguu umevimba, na mtu mmoja, simkumbuki, akasema tazama, ameuvunja akimkimbilia kaka yake. Sikumsahihisha. Ulipoandika kuniuliza baba alisema nini mwishoni, nikakujibu kwamba ukungu humeza sauti, sikusikia kitu. Ulikuwa uongo. Alisema uko wapi, mdogo wangu.

Naendelea, maana hujafika bado kwenye habari za mama yako. Ule mkanda mpya nilianza kuuvaa Jumatatu. Saa mbili za kwanza unakwaruza, kisha unazoea. Kufika saa sita mchana mguu ulikuwa hauumi. Nilikuwa nakata minofu ya samaki nikasimama na kisu mkononi, nikajua kuna kitu kimepungua: Hanus alikuwa hajaniita tangu asubuhi. Kimya. Ungedhani nitafurahi. Nilipata hofu ambayo sijawahi kuipata hata korongoni. Nikaenda stoo ya barafu, nikavua buti, nikavua mkanda, nikakanyaga zege kwa nguvu mpaka nikaona nyota, nikasikiliza. Hakuna. Nikaanza kumwita mimi, humo ndani, kati ya masanduku ya samaki. Msimamizi akanikuta, akanirudisha nyumbani, akidhani nina homa.

Sijamsikia tangu siku hiyo, hata mguu ukiuma. Nafikiri amechoka kuningoja. Nilikaa siku nne hivyo, na siku ya tano nikaenda kwa mama yako. Nitakuwa mkweli hata hapa: nusu ya hatua zangu ilisukumwa na woga kwamba habari za Rannvá zingevuka mlima kabla yangu. Nusu hiyo tu. Nusu nyingine ilisukumwa na kimya kile.

Marin mama yako alikuwa anamenya viazi. Nilimweleza nimesimama, hakuniambia nikae. Hakulia wala hakunifukuza. Alimenya hadi cha mwisho, akafuta kisu, akasema, "Mwandikie Bárður wewe mwenyewe. Kwa mkono wako. Mimi sikubebei huo mzigo hadi Denmark."

Nikamwambia nitaandika. Nikamwambia pia kwamba umeomba nisimame chini yako.

Akageuka hapo kwa mara ya kwanza. "Chini ya mwanangu nitasimama mimi," akasema. "Mimi nikiitwa, naitika."

Ana miaka hamsini na mbili na hajapanda mlima ule tangu tumzike baba yako. Jana nimemwona kwa dirisha, anapanda na kushuka njia ya nyuma ya kanisa amevaa buti za Hanus, amejaza soksi mbele ili zimkae. Anajiandaa.

Kwa Pól Jákup nimeshakwenda. Nimemwambia nitabaki ukutani mwaka huu na mwaka ujao, mkanda wangu nje ya suruali, na nimemwambia kwa nini. Alikaa chini. Sijawahi kumwona Pól Jákup akikosa sauti.

Basi njoo, mwanangu, usiache kuja kwa ajili yangu. Mlima ni wako na mahali pale ni pako. Kondoo wakishaingia zizini mtashuka wote, na mlango wa zizi ni mmoja, nami nitakuwa nimeushika. Ukitaka kunipita bila salamu, nipite. Sitakulaumu, na sitamruhusu mtu yeyote kukulaumu.

Nisalimie Katrine, umpakate mdogo kwa niaba yangu kama moyo wako utakubali. Bibi anakusalimu sana, naye hajui bado. Dánjal anakusalimu na goti lake. Mungu akulinde barabarani na baharini, na akufikishe kwa mama yako ukiwa salama.

Nilitaka kumalizia kwa maneno tuliyozoea, wako akupendaye. Kukupenda nakupenda. Hilo la kuwa wako nimeliacha wazi, utalijaza wewe.

Eyðun,
mdogo wake Hanus.