Prosesa Iliyochochewa kwa Nikaha ya Fadhila

Jumanne, 5 Agosti 2025

Dada yangu Fadhila anaolewa Jumamosi na bwana harusi hatakuwepo! Khaled yuko Montréal, karatasi za safari zimegoma, wazee wamekubaliana nikaha ipitie video. Shehe karidhia, mradi mashahidi wamwone na wamsikie. Na fundi mitambo ni nani? Mimi, Uthmani, mwenye kompyuta ya kuungaunga. Leo tumejaribu: Khaled kaganda mdomo wazi kama samaki sangala sokoni. Mama kasema ikifanya hivyo mbele ya wakwe, nitafute pa kulala kule Gatumba, mpakani.

Jumatano, 6 Agosti

Kununua nyingine? Tusiongee upuuzi. Napandisha kasi ya prosesa. Carte mère yangu, ubao mkuu wa kompyuta, ni ya rahisi kabisa, walioitengeneza hawakutaka mtu aichokoze — ila kwenye mipangilio waliacha mlango mmoja wazi. Nikaingia. Baba mdogo Tajudini, makanika wa mtaa wa Buyenzi, nyuma yangu na mikono yake ya grisi. "Injini ni injini, mutoto wangu. Ikipanda mulima, ongeza moto!"

Nikaongeza umeme, tena mwingi. Kioo — giza! Harufu ya plastiki. Nimemtukana Baba mdogo kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Nikachomoa kile kibetri kidogo kinachotunza mipangilio, ikarudi ya zamani. Ikawaka. Alhamdulillah!

Alhamisi, 7 Agosti

Leo kidogo kidogo. Kasi juu kiasi, umeme kiduchu. Inakwenda! Lakini joto, unaweza kukaanga yai. Tajudini kaleta feni ya rejeta ya Korola, pamoja na betri ya gari. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaifunga. Kadi za mwaliko zimeruka hadi kwa jirani, prosesa imepoa. Kwa hayo makelele mashine itakaa chumbani kwangu, waya zipite chini ya mlango hadi televisheni ya sebuleni.

Tumempigia Khaled. Picha safi, hata chunusi ya puani naiona. Hakuongea sana, kazi imemchosha. Fadhila kaongea kwa niaba ya wote wawili, kicheko juu ya kicheko. Nampenda sana huyu msichana. Sitamwambia, atavimba kichwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimejifungia chumbani. Sebule imejaa watu.

Shehe kasoma hotuba. Katamka maneno ya kuoza, akamwambia Khaled ajibu. Khaled kimya. Katukodolea macho tu. Shehe akarudia. Kimya. Shangazi Saliha akapiga kelele: "Jameni, mashine ya Uthmani imeganda tena!" Sebule nzima kicheko, hata shehe.

Haikuganda! Pazia nyuma yake lilikuwa linacheza. Alimeza mate, nikaona koo likipanda na kushuka. Joto sawa, picha safi — haijawahi kwenda vizuri hivi, mbwa hii!

Nikachomoa waya wa televisheni. Nikawapigia kelele kwamba ndiyo, imeganda, wanisubiri.

Khaled bado yumo kwenye kioo changu. Nimemuuliza kama ananisikia. Kaitikia kwa kichwa. Anafuta macho. Nina hasira naye, na namwonea huruma pia, mjinga huyu.

Fadhila yuko mlangoni, anagonga kwa kiwiko asiharibu hina. "Kaka, labda ulipandisha sana. Punguza kidogo. Mi niko nangoja tu, apana haraka."

Nimemwambia sawa, napunguza.