Kivuli Chini ya Nguva Mkubwa

Tefé, 4 Septemba

Baba mpendwa,

Naomba baraka zako. Mimi mzima, ila joto la hapa mjini halina adabu. Mguu unaendeleaje?

Kazi imeanza. Mashine tunaifunga ubavuni mwa mtumbwi, inapiga mlio majini. Mlio ukigonga kitu unarudi, nasi tunaona umbo lake na kivuli chake kwenye kioo hata maji yakiwa meusi. Tunatafuta nguva wa mtoni. Kampuni ya mizigo inataka kuchimba njia ya meli katikati ya shimo lenu la Uruari. Tume inayotoa vibali imesema wakionekana nguva wanaozaa humo, hakuna kuchimba. Siku tisa tumeona magogo tu. Wewe umevua humo miaka hamsini. Wako wapi?

Ndama yatima wa nguva tunayemlea hapa kituoni bado anamlilia mama yake. Chupa zake nampa mimi.

Mwanao,
Jucilene

Uruari, 15 Septemba

Mwanangu,

Mungu akubariki. Mguu umepungua uvimbe. Anayenisumbua ni shangazi yako Deusa, amenikataza chumvi.

Mlikwenda na injini, sivyo? Nguva akiisikia huzama topeni akatulia tuli. Magogo mengine yana mkia, mama. Zimeni injini. Chovya kasia, tia sikio kwenye mpini, usubiri mlio mwembamba. Hapo ndipo muwashe mashine yenu. Waambie wasomi wenzako mzee amefundisha bure.

Usiniulize nimejuaje.

Baba yako,
Osmarino

Tefé, 2 Oktoba

Baba mpendwa,

Naomba baraka zako. Sote wazima. Nilipotia sikio kwenye kasia wenzangu walicheka, kisha wakaacha. Nguva watano! Lakini ndama hakuna, na kampuni inasema hao ni wapita njia. Tume inakaa mwisho wa mwezi. Nakutumia picha ya kioo cha mashine uone kazi yako.

Mwanao,
Jucilene

Uruari, 9 Oktoba

Mwanangu,

Mungu akubariki. Leo sina habari za mguu.

Picha nimeitazama siku mbili. Yule mkubwa, wa tatu kutoka kushoto, kivuli chake kina mikia miwili. Mtoto yuko kwapani mwa mama. Rudini, mpige mlio kutoka upande wa pili.

Najua kwa sababu nilikuwa namtafuta mtoto kwanza. Ukimkamata ukamfunga mtini, atalia, na mama atakuja mwenyewe mpaka kwenye mkuki wangu wa chusa. Nimefanya hivyo humo shimoni mara nyingi. Nyama ile ndiyo iliyokukuza, nami nilikuambia ni ya ng'ombe. Tume ikitaka shahidi nitakuja niyaseme. Naona aibu.

Baba yako,
Osmarino

Uruari, 20 Novemba

Mwanangu,

Boti sita zimepita bila barua. Labda maji yamepungua, mizigo mingine ikakwama. Mungu akubariki, ingawa hujaomba.

Baba yako

Tefé, 3 Desemba

Baba,

Mimi mzima.

Tulirudi tukapiga kutoka upande wa pili. Ndama yupo, mahali pale pale uliposema. Tume imekataa uchimbaji. Walipouliza nani aliyemwona kwanza nililitaja jina lako, na kazi yako ya zamani pia. Hakuna aliyecheka.

Nilikuwa na hasira, na bado ninazo. Barua yako ilipofika nilikuwa nimeshika chupa ya yatima wetu, nikampa mwenzangu amalizie. Lakini yatima ameacha kunyonya sasa, anakula majani. Maji yakijaa tutamwachilia Uruari, na nimeandika kwenye fomu kwamba atakayemsikiliza kwa kasia kila asubuhi ni wewe. Wamekubali.

Sikuomba baraka hapo juu. Naziomba sasa.

Mwanao,
Jucilene