Mlango wa Moyo wa Priscila

Nyakanazi, kwa mafundi pancha

Kaka Thobias, shikamoo.

Jua kwanza kwamba unaandikiwa na mtu mkubwa. Kuanzia mpakani Rusumo mpaka hapa Nyakanazi, dereva wa lori tairi lake likianza kupumua hamwiti Mungu, ananiita mimi. Dereva mmoja Mrundi ameniambia kwao watoto wanaanza kupewa jina langu, nami sikumbishia, kwa nini nimkatalie mtu anayesema kweli? Hata shule niliiacha darasa la sita ili nayo ipumzike. Basi mimi ni mzima wa afya. Na wewe huko Geita, hujambo? Shemeji Selestina naye? Mtoto ameota meno? Kama mko salama ni vizuri, maana nataka kumgombeza mtu mwenye afya yake.

Sikupiga simu kwa sababu wewe kwenye simu ni redio, unasema tu husemeshwi. Karatasi huwezi kuikatia. Kaa chini usome.

Nimesikia umempigia Baba ukamwambia amefanya sawa. Ukasema shangazi Eustakia ni mchawi, amemlisha dada yetu Priscila majani mpaka amevimba, na asikanyage tena Kasulo. Umesema hivyo kwa mdomo wako, kaka? Shangazi aliyetulea mama alipofariki! Aliyekuogesha ulipoota upele mpaka makalioni, na wewe unalia kama mbuzi! Baba amemtoa na godoro lake mchana kweupe. Watu waliokuwa wakinywa pombe ya ndizi kwa Faustini walisimama kutazama kana kwamba ni mpira. Sasa yuko Nyakisasa kwa shemeji zake, watu ambao tangu mumewe afe hawajamkumbuka hata kwa kikapu cha maharage. Ungekuwa karibu ningekurushia spana, shikamoo yako ingefuata baadaye.

Wewe msomi wa kidato cha nne, leo fundishwa na mimi. Unakumbuka Priscila akipanda kutoka mtoni na ndoo, anakaa njiani kuvuta pumzi? Mlisema mvivu, hatapata mume. Wewe ndiye uliyempa jina la Bibi Pumzika. Akawa analala ameegemea ukuta, na bado mkacheka. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali ya wilaya, yule daktari wa moyo alipokuja na mashine yake.

Daktari ni dada kijana tu, anaitwa Tecla. Alimlaza Priscila ubavu wa kushoto, akampaka jeli ya baridi kifuani, akawa anabonyeza na kitu kama tochi. Kaka, nimeuona moyo wa dada yangu kwenye kioo, unapiga! Nilinyamaza, jambo ambalo hujawahi kulishuhudia. Akanionyesha vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Nikamwambia asinieleze kama mtoto, mimi ni fundi, valvu ni kazi yangu. Akacheka, akasema basi fundi, tazama hapa. Upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, pana mlango wa mapazia mawili, na kila pigo unatakiwa ufunguke wote. Wa Priscila mapazia yamekakamaa, kingo zimegandana, umebaki upenyo tu. Akawasha rangi, nikaiona damu inavyojisukuma kwenye ule upenyo kama hewa inayotoka penye msumari. Inayoshindwa kupita inatanua chumba cha juu, halafu inarudi mapafuni. Ndiyo maana pumzi inakata. Huo ndio uvivu wenu.

Akauliza kama utotoni aliumwa koo. Aliumwa, tena mara kwa mara, halafu magoti yakavimba. Na nani alimpeleka kwa mzee Leonidas akakatwe kimeo kwa wembe? Si shangazi. Ni Baba, na wewe ulishika miguu. Daktari alisema kimeo hakikuwa na kosa lolote. Koo lilitaka dawa ya hospitali, likakosa, ikaja baridi yabisi ikautafuna ule mlango. Ukitaka mchawi, tafuta kwanza hapo.

Dada alipovimba, yale majani niliyachukua kwenye sufuria ya shangazi nikampelekea daktari. Akanusa, akasema huu ni mchaichai, hata yeye anachemsha.

Sasa Priscila yuko wodini, anakaa kitako usiku na mchana, maana akilala tu anakuwa kama anazama. Nafasi ya Mwanza imepatikana, wanapitisha puto kwenye mshipa mpaka ndani ya moyo, wanaupanua mlango. Lakini amekataa kwenda bila shangazi. Amesema heri afie hapa hapa. Baba naye hataki hata jina la shangazi litajwe, na Baba anakusikiliza wewe tu, kifungua mimba wake. Mpigie umwambie amrudishe dada yake nyumbani.

Utaniuliza nina uhakika gani kwamba shangazi hana kosa. Ninao, kaka, na ndio unaoniunguza.

Habari za dawa daktari aliniambia mimi mlangoni, Priscila akiwa anavaa. Vidonge vya kupunguza maji, na sindano ya kila mwezi, asiache hata kidogo. Tuliporudi Kasulo uani palijaa watu, wote wananitazama mimi. Baba alinipa kiti! Wakauliza mashine imefanya nini. Nikaona aibu kusema imetazama tu. Nikasema mlango wa moyo ulikuwa umekwama, wameupaka grisi, wameubonyeza mpaka umefunguka, dada amepona. Vigelegele, kaka! Priscila akanivuta pembeni akauliza kuhusu vidonge, maana vinamkojoza sana shambani. Nikamwambia hivyo ni vya watu ambao hawajafunguliwa. Akaviacha, na sindano hakuifuata. Shangazi peke yake ndiye aliyemsihi aendelee, nami nikamwambia mbele ya watu anyamaze, valvu hazijui. Na Baba alipotupa lile godoro nilikuwa nimesimama pale pale. Sikusema neno.

Jana nilifika Nyakisasa nimwambie shangazi ukweli. Nilimkuta amekaa, mikono ameikunja mapajani. Akaniuliza taratibu kama ni kweli mchaichai unaweza kuvimbisha mtu, maana anaona ni mkono wake uliomuumiza mtoto. Nikala viazi vyake, nikaondoka.

Leo ninarudi. Nitamwambia, kisha nimpeleke wodini, na Baba atanisikia nikisema mbele ya kitanda cha Priscila. Usipowahi kumpigia, sitakulaumu tena.

Msalimie shemeji, mtoto mbusu. Uniombee kwa Mungu, hasira zikiisha.

Mdogo wako,
Desderius